Injini ije mwisho: kufufua pikipiki kuukuu ya magurudumu matatu

Mtu akinunua pikipiki ya porini ya magurudumu matatu, ile yenye tairi moja nene mbele na mawili nyuma, karibu kila mara huanza hivi: anamwaga petroli mpya kwenye tangi, anavuta kamba ya kuwashia mpaka bega linauma, isipowaka anafungua kabureta. Siku inapita kwenye kabureta. Wiki inapita. Hatimaye injini inanguruma, jamaa anapanda na kuondoka akicheka mwenyewe, na kwenye kona ya kwanza ya mchanga ndipo anapogundua kwamba wiki nzima alikuwa anahangaika na upande usiokuwa na hatari.

Msimamo wangu ni kwamba mashine hizi hutengenezwa kuanzia chini kwenda juu: matairi, ekseli, breki, hendeli, fremu, ndipo injini. Injini mbovu itakuacha porini urudi kwa miguu. Ekseli mbovu inaweza kukunyima hata hiyo miguu. Nasema hivi si kwa kupenda kutisha watu. Ni kwa sababu ya namna mashine yenyewe ilivyobuniwa, na hapo ndipo penye fumbo linalohitaji kufumbuliwa kabla ya kushika spana.

(Siongelei bajaji wala pikipiki za kubebea mizigo. Hizo zina mambo yao. Hapa tunasema mashine ya kupandwa kama farasi, isiyokuwa na paa wala kiti cha abiria, iliyotengenezwa kwa ajili ya mchanga, tope na theluji.)

Kwa nini zote ni za zamani

Ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilitoka Honda mwaka 1970, ikiitwa US90. Tawi la kampuni huko Marekani lilitaka kitu cha kuwauzia watu majira ya baridi, wakati biashara ya pikipiki za kawaida inapolala. Mhandisi Osamu Takeuchi na wenzake walijaribu magurudumu mawili, matatu, manne, mpaka sita, wakaona kwamba kwa nguvu ya injini ndogo waliyokuwa nayo, matatu ndiyo yanayopita vizuri penye ardhi laini. Lakini ufunguo haukuwa idadi ya magurudumu. Ulikuwa tairi: pana, laini, lenye upepo kidogo mno, linaloelea juu ya theluji badala ya kuichimba. Injini ilikuwa ya cc 89 na nguvu farasi 7 tu, bei dola 595.

Jina likabadilishwa kuwa ATC90. Yamaha na Kawasaki nao wakaingia, na miaka ya mwanzo ya 80 ikawa ya mashindano: mwaka 1981 ikaja ATC250R ya mbio yenye injini ya piga-mbili (two-stroke), mwaka uliofuata ikaja Big Red ya kazi za shambani, yenye mahali pa kufungia mzigo. Wakati huohuo majeruhi walikuwa wakiongezeka, watoto wengi wakiwa miongoni mwao. Mwezi Aprili 1988 mahakama ya shirikisho mjini Washington iliidhinisha makubaliano ambayo kwayo watengenezaji wakubwa waliacha kuuza mashine mpya za magurudumu matatu Marekani, na sheria ya mwaka 2008 ikazuia zisiingizwe tena nchini humo.

Kwa hiyo ukishika mashine ya Kijapani ya aina hii, umeshika kitu ambacho kwa uhakika kabisa kina umri wa watu wazima. Kwa zile zenye namba ya fremu ya herufi na tarakimu 17, mfumo ulioanza mwaka 1981, angalia ya kumi kutoka kushoto: D ni 1983, E ni 1984, F ni 1985, G ni 1986, H ni 1987. Iandike mahali, maana utaihitaji kila ukitafuta kipuri. Mashine za miaka miwili inayofuatana zinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana ndani.

Umri huo una maana mbili. Mpira wote umekufa: sili, oringi, mipira ya kabureta, mipira ya breki, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Na ya pili, mashine imepita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja akiacha ufundi wake. Ninachokikuta mara nyingi zaidi si kilichochakaa bali kilichotengenezwa vibaya. Boliti ya inchi iliyolazimishwa kwenye uzi wa milimita, waya uliosokotwa na kufungwa kwa plasta ya jeraha, gasketi ya kadibodi. Ukiikagua mashine kuukuu, usimtafute adui kwenye kutu peke yake. Mtafute fundi wa mwisho.

Tairi lenye kazi tatu

Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoruhusu tofauti hiyo. Mashine hizi hazina difu. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja ngumu, yanazunguka pamoja kama mapacha walioshikana mikono. Maana yake, hali yake ya asili ni kwenda moja kwa moja. Ili ikate kona, tairi la ndani lazima liteleze kidogo, na ili liteleze lazima lipunguziwe mzigo. Ndiyo sababu mpandaji anakanyaga kwa nguvu kikanyagio cha nje huku kiwiliwili akikiegemeza ndani. Penye udongo au mchanga jambo hili linakuja lenyewe baada ya mazoezi. Penye lami tairi linang'ang'ania, halitelezi, na mashine inainuka upande.

Mzoefu wa pikipiki ndiye anayeumia haraka zaidi, kwa sababu mwili wake una tabia ya kushusha mguu kwenye kona. Ukishusha mguu hapa, tairi la nyuma linakamata kisigino na kukupanda.

Sasa ongeza hili: nyingi za zamani hazina springi wala shokapu hata moja. Tairi ndiyo springi. Kwa hiyo tairi lile linabeba mzigo, linameza mashimo, na linafanya kazi ya difu kwa kuteleza na kujikunja. Ukielewa hapo, utaelewa kwa nini naanza na upepo.

Upepo wenyewe ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Kwa Honda nyingi za aina hii kiwango ni psi 2.2, wakati tairi la gari dogo linabeba karibu 30. Geji ya kawaida haioni kitu hapo chini. Sindano haijaamka bado. Tafuta geji ya upepo mdogo, inayosoma nusu ya psi kwa uwazi, ndiyo chombo cha kwanza cha kununua kabla hata ya seti ya spana. Anayejaza kwa kubonyeza na kidole gumba huishia kwenye 6 au 7, mashine inadunda kama mpira na kukataa kona.

Niliwahi kununua moja iliyokuwa ikivuta kushoto. Aliyeniuzia alisema ni hendeli imepinda, nami nikamwamini, nikatumia siku mbili nikinyoosha hendeli iliyokuwa imenyooka. Siku ya tatu nilichora mstari wa chaki chini ya kila tairi la nyuma, nikazungusha kila moja duru moja kamili na kupima. Tairi la kulia lilikuwa limesafiri sentimita nne zaidi. Lilikuwa la muundo mwingine, lenye namba inayofanana ubavuni lakini refu kidogo, na kwa kuwa ekseli haijui kuzungusha upande mmoja zaidi ya mwingine, mashine ilikuwa ikijaribu kuchora duara maisha yake yote. Tofauti ndogo unaweza kuimaliza kwa upepo. Sentimita nne haziishi kwa upepo, nilinunua jozi.

Kwa hiyo tairi za nyuma nunua mbili pamoja, aina moja. Saizi zake si za kawaida siku hizi, 22x11-8 kwa zile ndogo na 25x12-9 kwa Honda za cc 185 na 200, kwa hiyo hakikisha upatikanaji wa tairi kabla hujalipia mashine, si baada. Rimu za chuma huliwa na kutu pale ukingo wa tairi unapokaa, na hapo ndipo upepo unapovuja polepole. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kibaki laini, paka rangi, iache ikauke vizuri. Ukiweka tairi, tumia maji ya sabuni na usizidishe upepo ulioandikwa ubavuni. Mtindo wa kupulizia kitu kinachowaka na kukilipua kwa kiberiti ili tairi likae, niliuona, na sijauona ukifanywa mara mbili na mtu yule yule.

Ekseli

Inua nyuma, weka kitu imara chini ya fremu, uhakikishe mashine haitikisiki. Shika tairi moja juu na chini, sukuma na vuta. Mchezo wowote unaousikia ni beringi, au ni nati. Kisha shika la pili, maana beringi ya upande mmoja inaweza kuwa nzima na ya pili imesagika. Zungusha polepole na uangalie ukingo wa rimu ukipita mbele ya kitu kisichotikisika, bisibisi iliyosimamishwa inatosha: ukiona rimu inakaribia na kurudi nyuma, ama rimu imepinda ama ekseli. Hamisha rimu upande wa pili urudie. Kama mtikisiko umehama nayo, rimu. Kama umebaki palepale, ekseli, na ekseli iliyopinda hainyooshwi, inabadilishwa.

Baada ya hapo ingiza gia ili ekseli isizunguke, na usukume tairi mbele na nyuma huku ukitazama pale habu, kitovu cha gurudumu, inapokutana na ekseli. Ukiona habu inasogea kabla ekseli haijasogea, meno yanayoshikanisha viwili hivyo yamelika. Mara nyingi hata hakuna haja ya kusukuma. Kuna unga mwembamba mwekundu, kama pilipili ya kusaga, umejikusanya kwenye mzunguko wa habu. Huo ni chuma kikijila chenyewe kila unapokanyaga mafuta na kila unapofunga breki. Kaza nati unavyotaka, hautaisha. Meno yakishalika yanaendelea kulika, na siku yatakapokwisha gurudumu litazunguka peke yake au litatoka.

Katikati ya ekseli kwa mashine nyingi kuna nati mbili kubwa zinazobanana moja dhidi ya nyingine. Watu huzikaza kwa patasi na nyundo kwa kukosa spana kubwa. Ukikuta zimechanwa pembe, jua historia. Zikilegea hata kidogo, ekseli inaanza kutembea kushoto na kulia na kumaliza uzi wake. Tafuta spana sahihi mbili, zikaze kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha mashine yako, kisha zikaguliwe tena baada ya saa ya kwanza ya kuendesha. Hapo hakuna mbadala wa spana ya kupimia mkazo. Mkono wa mzoefu unadanganya sawa na wa mgeni, tofauti ni kwamba mzoefu hakubali.

Beringi zenyewe si ghali wala si ngumu. Zina saizi za kawaida, namba imechorwa ubavuni, duka lolote la beringi linaijua. Kinachoziua ni maji: sili imekauka, mashine imepitishwa mtoni au imeoshwa kwa mashine ya presha, maji yameingia na hayana njia ya kutoka. Ukibadilisha beringi bila kubadilisha sili na oringi zake, umenunua beringi za miezi michache. Ziweke beringi mpya kwenye friza usiku, pasha moto nyumba yake kwa hewa ya moto, zitaingia karibu zenyewe. Ikibidi kugonga, gonga ukingo wa nje tu. Meno ya ekseli yapake grisi ya kuzuia maji kabla ya kurudisha habu.

Breki, hendeli, fremu

Usishangae ukikuta breki moja tu nyuma. Ekseli ni moja, kwa hiyo breki moja inasimamisha magurudumu yote mawili. Ni nafuu ya kutengeneza, lakini ikifa, imekufa yote. Kwa zile za drami, fungua uangalie lainingi hata kama ni nene: gundi inayoishikilia kwenye shu imezeeka, na lainingi inaweza kubanduka nzima na kujikunja ndani ya drami. Hapo gurudumu linajifunga lenyewe katikati ya mwendo. Waya za breki badilisha bila mjadala. Zile za mbio zenye diski, kama ATC250R, hutaka kalipa ifunguliwe, pistoni zisuguliwe na sili zibadilishwe, kwa kuwa maji ya breki ya muongo uliopita yamekuwa kama sharubati.

Hendeli: inua mbele, izungushe taratibu kutoka upande hadi upande kwa kidole kimoja. Ukihisi inaingia kwenye kijishimo pale katikati, mahali pa kwenda moja kwa moja, mipira ya chuma ya shingo imechora mashimo kwenye vikombe vyake. Mashine isiyo na shokapu hupigiliwa pale kila siku, kwa hiyo si jambo la nadra.

Fremu ioshwe mpaka iwe safi kuliko inavyostahili. Hapa ufa si methali; ni mstari mwembamba wa kutu uliopasua rangi, na tope kidogo tu linatosha kuuficha. Tazama shingoni, pale vikanyagio vilipochomelewa, na pale injini inapofungwa. Ukikuta ufa, toboa tundu dogo kwenye ncha zake usiendelee kukimbia, kisha upeleke kwa mchomeleaji anayejua fremu, na uchomoe kwanza kisanduku cha CDI, kile kinachotuma umeme wa plagi, ili umeme wa kuchomelea usikiunguze.

Sasa injini, na mpangilio wake

Kabla hujagusa skrubu yoyote ya injini ya Kijapani, jua kwamba nyota zake hazikukatwa kwa kipimo kile kile cha bisibisi za nyota zilizozoeleka kwingine. Bisibisi ya kawaida inakaa ndani yake juujuu, ikipata nguvu inaruka na kula pembe. Ndiyo maana kila kifuniko cha mashine hizi kina skrubu tatu zilizochunwa. Tumia bisibisi ya kipimo cha Kijapani, au ile ya kugonga kwa nyundo ambayo huzunguka kila inapopigwa. Mafuta ya kulegeza kutu yalale usiku mzima. Alumini inayozunguka skrubu ikipashwa moto hutanuka zaidi ya chuma na kuiachia.

Injini inahitaji kubana hewa, moto wa plagi, na mchanganyiko wa petroli na hewa. Watu huanza na petroli kwa kuwa ndiyo rahisi kugusa. Anza na kompresheni, yaani huko kubana hewa, kwa sababu kama haipo, usafi wote wa kabureta ni kazi bure.

Pima injini ikiwa imepata joto kama inawaka, aksileta ikiwa imefunguliwa yote, uvute kamba mpaka sindano ya geji ya kompresheni isipande tena. Linganisha na kitabu. Ikiwa chini, mwaga kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na urudie. Ikipanda sana, ringi au silinda imechoka. Isipopanda, hewa inatokea kwenye valvu. Hapo usikimbilie kufungua hedi. Pima kwanza nafasi ya valvu: injini ndogo za Honda zinazopozwa kwa hewa hutaka karibu milimita 0.05 zikiwa baridi kabisa, na kadiri valvu inavyojikalia kwenye kiti chake kwa miaka, nafasi hiyo hupungua mpaka kuisha, si kuongezeka. Valvu haifungi tena sawasawa, kompresheni inashuka, na mwenye mashine anaambiwa injini imekufa. Zungusha krenki mpaka alama ya T, ya pistoni kuwa juu kabisa, ikae sawa, hakikisha valvu zote mbili zimelegea, pitisha fila geji, rekebisha. Dakika ishirini. Nimeona mashine ikiuzwa kwa bei ya chakavu kwa sababu ya dakika ishirini hizo.

Moto. Chomoa plagi, iguse kwenye chuma cha injini, vuta kamba gizani. Kama hakuna moto, usinunue CDI. Chomoa kwanza swichi ya kuzimia. Kwenye Honda ni waya mweusi wenye mstari mweupe, na huzima injini kwa kugusana na bodi. Swichi yenye maji, au waya uliochubuka chini ya tangi, inaizima kabla haijawaka. Ukirudi moto, umepata. Usiporudi, safisha viunganishi vyote na pale waya wa bodi unapofungwa kwenye fremu, badilisha kofia ya plagi, ndipo upime koili na stata kwa mita. Zile za mwanzo kabisa zina platini badala ya CDI; msasa laini, nafasi sahihi, zinafufuka.

Petroli ndiyo ya mwisho, na naikubali kwamba ndiyo inayosumbua zaidi. Petroli ikikaa mwaka hugeuka kitu cha kunata kama gundi ya mti. Tangi la chuma lina kutu ndani. Ukisafisha kabureta bila kusafisha tangi, utaisafisha tena Jumapili ijayo. Asidi ya limau iliyoyeyushwa kwa maji ya moto ilale humo siku moja, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi, kausha haraka kwa hewa ya moto, kisha zungushia oili kidogo.

Kabureta ifunguliwe yote. Jeti kubwa inaonekana na kila mtu anaisafisha. Ile ndogo, ya mzunguko wa chini, ndiyo inayolala mwisho wa kishimo chembamba, na tundu lake lina upana wa unywele mnene. Itoe, iinue usawa wa macho kuelekea dirishani. Unatakiwa kuona duara dogo la mwanga, lenye kingo kali. Ukiona mwanga wenye umbo la mwezi mwandamo, bado imeziba nusu, na mashine itawaka kwa choki tu na kuzima choki ikirudishwa. Nyuzi moja laini ya shaba kutoka kwenye waya wa umeme inapita bila kulipanua. Sindano ya chuma inalipanua na hapo jeti imeharibika. Angalia pia ncha ya sindano ya boya: ikiwa na mstari uliozunguka, haitafunga, na petroli itamwagika au, vibaya zaidi, itateremka ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Nusa oili. Ikinuka petroli, usiwashe kwanza.

Kuna kabureta mpya za kuiga zinazouzwa kwa bei ya chini. Sizipendi. Jeti zake mara nyingi hazilingani na injini, na ukishaanza kubadilisha jeti kwa kubahatisha hujui tena unatafuta nini. Ya zamani iliyosafishwa na kuwekewa mipira mipya hunishinda mara chache. Kabla ya kuilaumu, kagua mpira au kipande kinachoiunganisha na hedi: wakikaza boliti kwa nguvu sana, uso wake hupinda, hewa inaingia pembeni, injini inapanda resi yenyewe. Pulizia kidogo maji ya kusafishia kabureta hapo, injini ikiwa imepoa na inanguruma. Sauti ikibadilika, hewa inapita.

Oili ina siri ambayo wengi hawaijui. Injini nyingi ndogo za aina hii hazina fileta ya karatasi. Zina kikombe kinachozunguka na krenki na kutupa uchafu ukutani mwake kwa nguvu ya mzunguko, pamoja na wavu mdogo, vyote nyuma ya kifuniko cha kulia. Anayebadilisha oili kwa kufungua boliti ya chini tu hajawahi kuvigusa. Ukifungua kikombe kile kwa mara ya kwanza tangu kiwandani, utakuta udongo mweusi mgumu unaotoka kwa vipande, kama masizi ya sufuria. Na kwa kuwa klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo, tumia oili ya pikipiki; zile za gari zenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze. Klachi nyingi hapa hujifungua zenyewe unapobadilisha gia, hazina mkono wa kubana, lakini zina skrubu ya kurekebisha ubavuni. Gia zikigoma, anzia hapo kabla hujapasua injini.

Za piga-mbili, kama ile ATC250R, zina sheria yake kali. Oili inachanganywa na petroli, Honda walitaja 20 kwa 1, na kosa moja la kusahau linanokisha pistoni. Lakini muuaji wa kimya ni sili za krenki. Zikikauka, hewa inaingia, mchanganyiko unakosa petroli, injini inakwenda kwa kasi tamu ajabu kwa dakika kumi, kisha inasimama. Kama mashine yako ya piga-mbili imeanza ghafla kuwa na nguvu kuliko jana, izime.

Vipuri vya injini, kwa bahati, si adimu kama vya fremu. ATC70 ni ndugu wa damu wa injini za pikipiki ndogo za Honda zilizotengenezwa kwa miongo mingi, na ATC110 inashirikiana vitu vingi na pikipiki ya Honda CT110. Plastiki, tangi na ekseli ndivyo vitakavyokutoa jasho. Ukipata mashine ya pili iliyokufa kwa bei nzuri, inunue uichinje.

Siku ya kuijaribu, vaa helmeti na buti zinazofunika kifundo cha mguu, uanze kwenye uwanja tambarare wa udongo, gia ya pili, ukizunguka umbo la nane mpaka mwili ujue kukanyaga nje. Baada ya nusu saa simama, izime, weka kiganja karibu na kila habu bila kuigusa. Iliyo moto kuliko mwenzake, ndiyo utakayoifungua jioni hiyo.